Chupa ya usiku inamaliza meno ya mtoto

Mzazi, usiku wa leo hebu mwangalie mtoto wako akiwa usingizini. Ikiwa amepita mwaka mmoja na nusu na bado ana chupa ya maziwa mdomoni, una jambo la kurekebisha.

Hapa Othaya, kama ilivyo Karatina na Nyeri mjini, maziwa si shida. Vijiji vinavyotuzunguka vinafuga ng'ombe wa gredi, na baridi ya milima ya Nyandarua inaposhuka mwezi wa Julai, kila mzazi hutaka mtoto alale na kitu cha moto tumboni. Mama anayeamka alfajiri kwenda kuchuma chai au kufungua duka anahitaji usingizi. Mtoto akilia usiku wa manane, njia rahisi ni kumtia chupa mdomoni. Wengine hata humjazia chai yenye sukari. Simlaumu mama huyo, lakini utulivu anaoupata unalipiwa na mtoto.

Maziwa yana sukari yake ya asili hata usipoyatia sukari. Mchana mate huosha meno. Mtoto akilala mate hupungua, na maziwa hutuama kwenye meno ya mbele ya juu. Bakteria walio mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi inayotoboa jino. Kwanza utaona weupe kama chokaa karibu na ufizi, kisha rangi ya kahawia, mwishowe jino humomonyoka.

Utasikia watu wakisema, "Hayo ni meno ya maziwa tu, yatang'oka." Ni kweli, lakini ya mbele hukaa hadi umri wa miaka 6 au 7, na magego hadi miaka 10 au 12. Je, kwa muda huo wote mtoto atatafuna githeri kwa kutumia nini? Jino lililooza humnyima mtoto chakula na usingizi, na usaha wake unaweza kudhuru jino la kudumu lililo chini yake. Isitoshe, mtoto aliyeshiba maziwa usiku kucha hukataa chakula asubuhi. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, nayo chai huzuia mwili kuyapata vyema kutoka kwa chakula. Hivyo ndivyo mtoto mnene anavyoweza kupungukiwa na damu.

Madaktari wa watoto hushauri chupa iachwe mtoto akiwa kati ya miezi 12 na 18. Hilo linawezekana, kwa kuwa hata mtoto wa miezi 6 anaweza kunywa kwa kikombe akisaidiwa. Tena kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chuchu ya chupa, ambamo uchafu wa kuleta kuhara hujificha.

Anza kwa kuondoa chupa za mchana, ya kulala iwe ya mwisho. Mpe maziwa kwa kikombe wakati wa chakula cha jioni, msugue meno kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, kisha alale. Akiamka na kiu, mpe maji. Akikataa kabisa, ongeza maji kwenye maziwa ya chupa kidogo kidogo kila usiku, hadi yabaki maji matupu. Wengi huiacha wenyewe hapo.

Muhimu zaidi, baba, yaya na cucu wakubaliane. Mmoja wenu akirudisha chupa usiku wa pili kwa kuhurumia kilio, mtoto atajua kwamba kulia kunafaa, na kazi itaanza upya.

Atalia, ndiyo, lakini ni kwa siku chache. Jino lililooza litamliza kwa miezi, na hapo hutakuwa na chupa ya kumnyamazisha.