Pikapu za Mpanda na gharama ya kuinua pua: Shokapu ipi ya mbele inafaa?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

TANGU barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye urefu wa takriban kilomita 340, ilipozinduliwa mwaka 2022, pikapu za hapa zimekuwa zikitumikia mabwana wawili. Leo gari linakimbia juu ya lami kuelekea Tabora. Kesho gari hilo hilo linaingia njia ya udongo kufuata mahindi, mpunga au tumbaku, na msimu wa mvua njia hiyo hugeuka matope na makorongo.

Hapo ndipo linapozuka suala la kuinua gari mbele. Pikapu hutoka kiwandani ikiwa imeinamisha pua kidogo, kwa kuwa nyuma imeachwa juu ikisubiri mzigo. Mwenye gari anayechoka kugonga mawe huinua mbele sentimita 2.5 hadi 5 ili kulingane na nyuma, kisha huenda duka la spea kuomba shokapu "ngumu". Ombi hilo ndilo mwanzo wa hasara.

Shokapu haibebi gari. Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko kwa kulazimisha oili ipite katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si ugumu, bali urefu. Gari likishainuliwa, shokapu ya awali hukaa ikiwa imevutika karibu na mwisho wake. Tairi likitumbukia shimoni hakuna nafasi iliyosalia. Shokapu hugonga ndani, sili huachia, oili huvuja na bushi hukatika.

Hata hivyo, magari hayafanani. Land Cruiser pikapu zilizoanza kutoka mwaka 1999 zina ekseli nzima mbele na springi za mviringo, na shokapu imesimama peke yake. Hapa springi ndefu hudai shokapu ndefu, bila mjadala. Lakini ikiwa ndefu mno, hufika mwisho wa kubonyea kabla ekseli haijagusa mpira wa kizuizi, ikajipasua yenyewe. Fundi makini hupima mara mbili kati ya bolti ya juu na ya chini: tairi likining'inia, na ekseli ikiwa imesukumwa juu kabisa. Shokapu inapaswa kufunguka zaidi ya kipimo cha kwanza na kufunga chini ya kipimo cha pili.

Kwa Hilux za kuanzia mwaka 2005, springi imeizunguka shokapu. Wengi huweka kipande cha chuma juu yake na kubakiza shokapu ile ile. Ni njia rahisi, ila tairi likining'inia, mkono wa chini hushuka kupita ulivyokusudiwa, na boli jointi pamoja na sivi jointi hulazimika kupinda zaidi. Afadhali kununua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho.

Isuzu D-Max za mwanzo, zile za magurudumu manne, zina nondo ya kusokota badala ya springi. Fundi hukaza bolti tu, pua ikapanda. Haigharimu kitu, na pengine ndiyo sababu hufanywa ovyo. Kwa gari hili shokapu ndefu haisaidii, maana mkono huzuiwa na mpira wake kabla shokapu haijavutika yote. Dawa ni kukaza kwa kiasi.

Baada ya urefu ndipo yaje maumbile. Njia yenye mawimbi kama mgongo wa bati huchemsha oili hadi itoe povu, na shokapu yenye povu haitulizi chochote. Zenye gesi ya naitrojeni hustahimili zaidi. Ya mrija mmoja hupoa haraka, lakini jiwe likibonyeza ubavu wake pistoni hukwama. Ya mirija miwili huvumilia kibonyeo. KYB, kwa mfano, wana Gas-a-Just ya mrija mmoja na Excel-G ya mirija miwili. Kwa njia za mashambani na machimboni, zenye mawe mengi na mwendo mdogo, mwandishi huyu angechukua ya mirija miwili.

Lipo jambo zito kuliko yote hayo. Pikapu iliyosawazishwa ikiwa tupu, ikipakiwa magunia huketi nyuma na kuinua pua. Uzito huhama kutoka matairi ya mbele, usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupungukiwa mshiko, na taa humulika machoni mwa anayekuja. Kwenye njia ya udongo, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hilo ni usumbufu. Usiku kwenye lami, kwa mwendo wa 90, linaweza kuua. Hakuna shokapu ya mbele inayoliponya.

Anayebeba mzigo kila siku aanze na springi za nyuma, kisha apime kimo cha mbele magunia yakiwa juu ya gari. Akiamua kuinua, abadilishe shokapu zote mbili kwa pamoja, afanye wili alaimenti, na taa zishushwe upya. Wengine, wakishapima hivyo, watakuta pua haikuhitaji kuguswa.