Goma: Moto unapowaka, nani anajua kufungua mlango?

Kila mara nyumba zinapoungua Goma, mazungumzo ya kesho yake ni yaleyale. Gari la kuzima moto lilichelewa, maji yalikosekana, barabara ni nyembamba. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini liko swali linalopaswa kuulizwa kabla ya lile la maji: wale waliokuwa ndani wangetokea wapi?

Goma ni mji unaolala ukiwa umefungwa. Wakaaji wana sababu zao. Wezi wenye silaha wamewafundisha kuweka mlango wa chuma, kufuli mbili, na vyuma vya madirisha vilivyochomelewa na kushikiliwa na simenti. Usiku ufunguo unafichwa mahali ambapo baba ama mama peke yake anapajua. Hakuna wa kuwalaumu. Ila chuma kinachomzuia mwizi kinamzuia pia jirani aliyekuja kuokoa, na mtoto anayetafuta njia ndani ya moshi. Moshi nao haungoji. Mara nyingi ndio unaoua kabla moto wenyewe haujafika kitandani.

Ukanda huu umekwisha kulipa bei ya milango iliyofungwa. Katika shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wanafunzi 26 walikufa Machi 1998. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, vijana 67 waliungua katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Karibu zaidi na Goma ni gereza la Gitega, Burundi. Huko moto uliwaka alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, na serikali ilitangaza vifo 38. Mfungwa mmoja aliliambia shirika la habari la AFP kwamba walipiga kelele walipoona ndimi za moto, lakini polisi wakakataa kufungua, wakisema hayo ndiyo maagizo waliyopewa.

Goma yenyewe ina Munzenze. Tarehe 27 Januari 2025, wakati M23 wakiingia mjini, wafungwa walivunja gereza. Kwa maelezo ya Umoja wa Mataifa, wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, kisha sehemu yao ikachomwa moto, na wengi wao wakafia humo. Ule ulikuwa uhalifu, haukuwa ajali, na hakuna chombo cha kuvunja mlango kinachoweza kuchukua nafasi ya sheria. Hata hivyo, mji uliopitia jambo hilo ungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza ni nani anayejua kufungua, kwa haraka, pale ambapo mwenye ufunguo hayupo.

Maana kufungua mlango kwa nguvu ni kazi inayofundishwa. Watu wengi wanadhani ni suala la mabega na hasira. Mzima moto aliyefunzwa anaanza kwa kujaribu kitasa, kwa sababu mlango unaopigwa kwa nyundo wakati haukufungwa ni aibu na ni dakika zilizopotea. Anagusa mlango kwa mgongo wa kiganja ili kupima joto. Anatazama bawaba: zikionekana kwa nje, kwa kawaida mlango unafunguka kumwelekea yeye. Kisha wanafanya kazi wawili, mmoja anashika chuma cha kubanulia, mwingine anagonga, mpaka ncha iingie kati ya mlango na fremu. Mlango ukiachia, wanaushikilia usifunguke wote kwa ghafla, kwa sababu hewa inayoingia inaweza kuamsha moto na kuwaunguza wao na waliomo ndani.

Chombo kinachotumiwa zaidi na vikosi vya Marekani kwa kazi hiyo kinaitwa Halligan, kwa jina la Hugh Halligan, mkubwa wa wazima moto wa New York aliyekiunda mwaka 1948. Ni chuma kimoja kirefu, upande mmoja kina panda, upande mwingine kina ncha na ubapa. Hakina injini wala hakihitaji mafuta. Na Goma haihitaji kungoja kiletwe kwa ndege. Wavunja mawe wa mji huu kila siku wanapasua mawe ya volkano kwa nyundo nzito na mtaimbo, ile baramini. Mafundi wanaochomelea milango na madirisha wanajua vizuri kuliko mtu yeyote ni wapi chuma kina nguvu na ni wapi hakina. Haieleweki kwa nini hakuna anayewaita watu hao kuwa walimu.

Tena, Goma si chuma tu. Sehemu kubwa ya mji ni nyumba za mbao, hasa tangu lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipowalazimisha watu kujenga upya juu ya mawe. Katika nyumba kama hiyo, kupigana na kufuli ni kupoteza wakati. Ukuta ndio mlango. Mtu mwenye mtaimbo anabandua mbao mbili tatu karibu na kitanda na kumtoa mtoto, kama ameambiwa mapema kwamba inawezekana.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo ya namna hii yatawafundisha wezi. Wezi wa Goma hawangoji semina.

Mashine za umeme za kukata chuma ni nzuri, lakini moto ukiwaka umeme unapaswa kukatwa kwanza, na mara nyingi umekwisha kukatika wenyewe. Kwa hiyo vyombo vya mkono ndivyo vya kuanza navyo. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ya Busy Bee ilipoanguka juu ya nyumba karibu na uwanja wa ndege, MONUSCO ilituma magari mawili ya kuzima moto. Waliotangulia kufika walikuwa wakaaji wa mtaa wenyewe, mikono mitupu. Itakuwa hivyo tena, hata mji ukipata magari kumi.

Yeyote anayeusimamia mji anaweza kuanza na jambo dogo: mtaimbo mmoja na nyundo moja kwa kila mkubwa wa nyumba kumi, na siku mbili za mazoezi kwa vijana wa kila kata, kwenye milango ya zamani iliyotupwa. Shule zenye mabweni, magereza na hospitali zikaguliwe kwanza, usiku, wakati zimefungwa. Na kila parsele ichague dirisha moja ambalo vyuma vyake vinafunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia pembeni, pale mtoto wa miaka saba anapofikia.