Boma la Kale na Magorofa

Wako wenzetu darasani wasemao kuwa majumba ya kale ya Dar es Salaam yavunjwe, kwani viwanja vya mjini ni ghali. Mimi sikubaliani nao. Likizo iliyopita nilisimama mbele ya Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said wa Unguja. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Nje jua lachoma, ndani mna ubaridi. Karibu yake yamesimama magorofa ya vioo, marefu kuliko minazi mitano iliyopandana. (Shingo iliniuma kwa kuyatazama!) Wala sikuona kuwa yanagombana.

Boma lilinusurika kwa kuwa lilipewa kazi: lilitengenezwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha kuonyesha historia ya majengo ya mji. Nyumba iliyofungwa, mvua huila dari, kisha husemwa kuwa ni ya hatari. Basi aombaye ruhusa ya kujenga ghorofa na aamriwe kwanza kuitengeneza nyumba ya kale iliyo kiwanjani mwake, na ghorofa alisogeze nyuma. Gharama itazidi, nakiri. Mwenye hoja ya kunipinga na aandike katika toleo lijalo.