Acheni Kubadilisha IC Ovyo, Pimeni Kwanza!

Leo naweka programu kando kidogo, kwa sababu nina ugomvi na mafundi wa amplifaya, pamoja na wale wanaojifanya washauri wao. Kuna jibu moja ambalo kila mtu mwenye amplifaya ya kujitengenezea hupewa. Sauti inakwaruza? Badilisha IC. Inanguruma? Badilisha IC. Imenyamaza kabisa? IC imekufa hiyo bwana, nunua nyingine.

Mimi nasema huo si ufundi. Ni kamari, na anayelipia kamari hiyo ni yule anayekaa mbali na duka.

Ukiwa Nairobi, kubahatisha hakukuumizi sana. Unashuka Luthuli Avenue, unanunua chipu, unarudi kabla chai haijapoa. Sasa njoo Garsen, kaunti ya Tana River. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Mombasa ni zaidi ya 200. Chipu yenyewe huenda ni ya bei ndogo, lakini ongeza nauli ya kifurushi, siku za kungoja, na kazi iliyopotea katikati. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 yalipokata barabara huku kwetu, hakuna kifurushi kilichopita kwa wakati. Na wakati kama huo ndio kijiji kinahitaji spika ya kutangazia watu wahame.

Tena huku amplifaya nyingi zinakula betri ya volti 12 na sola. Jambo hili huniudhi kila nikilifikiria. Mto Tana unazungusha mitambo ya umeme kule juu, Kindaruma tangu 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, halafu maji yanashuka kwetu na nguzo za umeme hazishuki nayo. Vijiji vingi vya delta bado havina umeme wa gridi. Kwa hiyo ushauri uliotungwa kwa mtu mwenye soketi ukutani mara nyingi haumfai mtu wa huku.

Nitoe mfano. Kijana mmoja wa Garsen alijiundia amplifaya ya stereo kwa chipu mbili za TDA2030, akawa anaikodisha kwenye harusi na mikutano. Mchana ilikuwa safi. Usiku, besi ikipiga, sauti inakwaruza kama gunia linaloburutwa. Aliambiwa abadilishe IC. Akabadilisha mara tatu, na ugonjwa ukabaki palepale.

Tulipoweka mita kwenye vichwa vya betri muziki ukiwa unapiga, tulipata volti 12.3. Tukapima kwenye bodi ya amplifaya, tukapata 10.6. Volti 1.7 zimepotea njiani! Njia yenyewe ilikuwa waya mwembamba wa mita 8, kwa sababu betri ilikaa nje karibu na sola. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hapo una mita 16 za waya, zenye ukinzani wa ohm 1.4 hivi. Pitisha ampea 1.2 humo, zidisha, utapata zile 1.7 zilizopotea.

Sasa fungua karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. TDA2030 haitakiwi kupewa chini ya volti 12. Mchana, sola ikichaji, betri ilipanda hadi 13.8, na bodi ikapata 12.1, ikafanya kazi kwa shida lakini ikafanya. Usiku ikashuka. IC haikuwa mgonjwa, ilikuwa na njaa! Ungeweka IC mia moja hapo na zote zingelia vilevile.

Dawa ilikuwa kusogeza betri na kuweka waya mnene wenye fyuzi. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, hata kwa umbali uleule, ungepoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti. Na anayeunda upya kwa ajili ya betri ya volti 12 afikirie TDA2003, iliyotengenezwa kwa redio za gari na inayokubali volti 8 hadi 18.

Mwandika programu anayefuta msimbo wote bila kusoma ujumbe wa hitilafu tunamcheka. Mbona fundi anayefanya jambo hilohilo tunamwita mzoefu? Utaratibu wa kutafuta hitilafu ni mmoja, uwe kwenye kompyuta au kwenye bodi: gawa njia nusu, ujue ubaya uko upande gani, kisha gawa tena.

Kwanza, pima volti kwenye miguu ya chipu yenyewe, muziki ukiwa unapiga. Kwa TDA2030 ni kati ya mguu wa 5 na wa 3.

Pili, nyamazisha muziki, pima mguu wa 4, ambao ndio wa kutolea sauti. Kwa betri moja unatakiwa kupata nusu ya volteji, yaani karibu 6 kwa 12. Ukikuta imeganda karibu na 0 au karibu na 12, angalia rezista na kapasita zilizo karibu, na hapo ndipo una haki ya kuishuku IC.

Tatu, punguza volyumu. Kelele ikipungua, inatoka kabla ya kitufe cha volyumu. Ikibaki vilevile, iko baada yake. Umeshapunguza kazi kwa nusu bila kutumia hata senti.

Nne, chomoa sola. Mluzi ukikoma, ulikuwa unatoka kwenye kidhibiti chaji.

Na lile jaribio la kugusa waya wa kuingiza sauti kwa kidole ili usikie mngurumo? Mngurumo ule unatoka kwenye nyaya za umeme zilizo ukutani. Katika nyumba ya betri tupu huenda usisikie kitu, ukadhani amplifaya imekufa kumbe ni nzima. (Wenye umeme wa volti 240 msijaribu hilo kwenye amplifaya iliyofunguliwa. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.)

Najua nitakavyojibiwa. "Kupima kunakula muda." Vipimo hivi havimalizi nusu saa. Kifurushi cha Mombasa kinachukua muda gani? "IC bandia zimejaa sokoni." Kweli zimejaa, lakini utajuaje uliyonayo ni bandia kama hujui hata inapewa volti ngapi?

Lawama nyingine ni ya watengenezaji. Redio nyingi za zamani zilikuja na mchoro wa saketi umebandikwa ndani. Leo unafungua bodi unakuta hata namba ya chipu imekwanguliwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kukarabati mwaka 2024. Sisi tunaokarabati kila kitu, sheria kama hiyo ingetufaa zaidi yao.

Lakini tusingoje sheria. Fundi, ukimaliza kazi, chora saketi, andika volti ulizopima kwenye kila mguu, ubandike ndani ya kifuniko. Atakayeifungua baada yako, pengine barabara ikiwa imekatika, atakuwa na pa kuanzia. Na wewe mteja, ukiambiwa "badilisha IC", uliza swali moja tu: umepima volti ngapi? Akikosa jibu, beba amplifaya yako uondoke.

Mwenye hoja na aje tubishane, ila aje na vipimo.