Tusijifiche Nyuma ya Nyiragongo



Kila vifua vinapobana hapa Gisenyi, vidole huelekezwa kwenye mlima Nyiragongo. Kisingizio hicho kimechakaa. Ni kweli, volkeno hutema gesi ya salfa, nayo hudhuru. Lakini ipo sumu nyingine ambayo mikono yetu imo ndani yake: ozoni ya karibu na ardhi.

Tusichanganye mambo. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua; ile tunayoivuta puani huunguza mapafu. Hii ya chini haitoki katika bomba la gari wala dohani. Hupikwa na jua, na viungo vyake ni oksidi za nitrojeni kutoka katika injini za pikipiki, malori na jenereta, pamoja na mvuke wa petroli, moshi wa kuni na makaa, na methani. Haina masizi ya kuonekana, hivyo anayeichangia hajijui.

Wengine husema ni moshi wa Goma. Nyani haoni kundule! Upepo hauonyeshi hati pale Petite Barrière. Huenda na kurudi. Vipimo vya kituo cha mlima Mugogo, kwenye kimo cha mita 2,590 hivi, vimeonyesha kuwa ozoni huongezeka majira ya kiangazi, moshi wa nyika zinazochomwa mbali unapotufikia. Ikiwa moshi wa mbali hutufikia sisi, wetu huwafikia akina nani?

Wala kupunguza uchafu wa aina moja hakutoshi. Mapema mwaka 2020, China ilipofunga miji yake, oksidi za nitrojeni zilishuka, lakini ozoni ikapanda katika miji mingi: gesi ya injini iliyokuwa ikiila ozoni ilipungua, ilhali viungo vingine vilibaki. Hiyo si ruhusa ya kuacha malori yafuke moshi. Injini, jiko na moto wa shambani vyote vishughulikiwe kwa pamoja.

Sheria ya kuhifadhi ubora wa hewa tunayo tangu 2016, lakini sheria isiyoulizwa na raia hulala usingizi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kazi ya umuganda, tunapoketi kujadiliana, simama uulize: ozoni ya Rubavu inapimwa wapi, na nani husomewa matokeo? Mitaro tumekwisha kuisafisha; sasa ni zamu ya hewa.