Kioo cha Lori ni Haki ya Mpita Njia



Yapo mambo ambayo mtu huyaona kila siku hata jicho likayazoea. Mojawapo ni kioo cha pembeni cha lori, ambacho madereva wetu hukiita saitimira, kikiwa kinaning'inia kwa kamba au kimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Katika barabara ya Bagamoyo, kutoka Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Zinga, na katika njia inayotuingiza Mlingotini, malori ya namna hiyo hupita mbele yetu yakiwa na saruji, mchanga, soda na nazi. Wengi wetu hucheka tu, tukasema gari limezeeka. Katika toleo hili tunaomba tusicheke.

Tuanze na lililotupata sisi wenyewe. Siku moja tuliletewa saruji kwa ajili ya ujenzi wa kigango. Lori lilipofika tuliona kioo chake cha kushoto kimefungwa kwa mpira, nacho kimeinama kikitazama chini. Hatukusema neno. Lilipokuwa likirudi nyuma kuelekea mahali pa kushushia mzigo, kijana mwenye baiskeli alikuwa akipita upande huohuo. Utingo alipiga kelele na kugonga bodi kwa kiganja. Dereva akafunga breki. Gurudumu la baiskeli lilipindika, lakini kijana hakuumia. Tulimshukuru Mungu, kisha tukaanza kumlaumu dereva. Naye akatujibu kwa upole: "Wazee wangu, nimemwambia tajiri mara tatu. Amesema kama nakitaka kioo, kitoke katika mshahara wangu. Nanyi mlipunguza malipo ya gari hata fedha ya fundi haikubaki." Maneno hayo yalitunyamazisha.

Kwa nini kioo kiwe jambo la haki na amani? Mwenye gari dogo anacho kioo cha ndani kinachomwonyesha nyuma. Dereva wa lori hanacho cha kumfaa, kwa maana nyuma yake kuna bodi na shehena. Tena, kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto na usukani uko kulia, kioo cha kushoto ndicho kinachomwonyesha ukingo wa barabara, wanakopita watoto wa shule, waendesha baiskeli, na akina mama watokao baharini na mwani wao. Nacho ndicho kilicho mbali na mkono wake. Kioo kinachotikisika humpa picha ya ukungu. Kilichoinama humwonyesha tairi lake mwenyewe. Asiyeonekana ni binadamu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga.

Sababu za kioo kulegea si siri. Mashimo na matuta hulegeza nati. Chumvi ya bahari hula chuma. Matawi hugonga mkono wa kioo. Na huko mjini wezi hukichomoa chote. Tiba yake nayo si siri. Boliti mpya, washa ya springi na nati iliyokazwa vizuri ni vitu vya bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji ile tuliyoletewa. Basi kinachokosekana si fedha kwanza. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kwamba jambo hili ni lake. Tajiri humsukumia dereva, dereva humsukumia utingo, na mwisho mzigo wote humwangukia mpita njia ambaye hakuulizwa.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatufundisha juu ya ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Mwenye ng'ombe asiyejua tabia hiyo hahesabiwi hatia. Lakini aliyekwisha kuonywa, wala asimzuie mnyama wake, anawajibika kwa damu iliyomwagika. Tajiri aliyeambiwa mara tatu ni mwenye ng'ombe aliyeonywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika mafundisho juu ya amri ya tano, inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito. Na sheria ya nchi haiko mbali na hayo: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimkatazi tu anayeendesha gari bovu, bali pia anayeruhusu litumike.

Juu ya mshahara, madereva wafahamu haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata fedha ya uharibifu apendavyo. Ni lazima kosa liwe la mfanyakazi, awe amekubali kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Nati iliyoliwa na kutu si kosa la dereva.

Hata hivyo, tusimtwike tajiri peke yake. Wenye malori wengi wa kwetu wamekopa, na wateja huwabana. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitukumbusha kwamba zaidi ya mwajiri anayelipa mshahara, yuko pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote ambao maamuzi yao huamua hali ya mfanyakazi. Siku ile, waajiri hao tulikuwa sisi. Tulijivuna kwamba tumeokoa fedha ya kigango, kumbe tuliiokoa kutoka katika usalama wa kijana wa watu.

Kwa hiyo basi, tunashauri yafuatayo. Kwanza, dereva azunguke gari lake kabla ya safari na kukitikisa kila kioo kwa mkono. Spana isikose ndani ya gari. Kikilegea njiani, aegeshe pembeni na kukikaza, asikishike huku anaendesha. Mpira ni wa kumfikisha kwa fundi wa karibu tu, kwa mwendo wa pole. Anaporudi nyuma, utingo asimame mahali ambapo dereva anamwona, wala asikae nyuma ya bodi. Pili, mwenye gari atenge fedha ya matengenezo kabla ya kuhesabu faida. Tatu, Halmashauri za Walei zisipokee wala kukodi lori bila kutazama vioo, tairi, taa na breki zake. Na zikubali kulipa bei ya haki. Nne, dereva akifukuzwa kwa sababu amekataa kuendesha gari la hatari, viongozi wasimwache peke yake. Wamsindikize Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana shauri la kuachishwa kazi hufikishwa huko ndani ya siku 30. Tano, Jumuiya Ndogo Ndogo zizungumze jambo hili pamoja na uongozi wa kijiji na ndugu zetu Waislamu, kwa kuwa barabara haiulizi dini ya mtu.

Na sisi tulifanya nini? Tulikwenda na dereva yule kwa tajiri wake, tukaomba radhi kwa bei tuliyoibana, tukaongeza kilichopungua. Kioo kikakazwa siku ileile mbele ya macho yetu. Gurudumu la kijana tulilitengeneza kwa fedha ya kigango. Haikuwa sadaka. Lilikuwa deni letu.

Mungu awalinde wote walio safarini, na atupe macho ya kuwaona walio pembeni.