Tamko la Wazazi na Walezi wa Pembezoni mwa Temeke na Kinondoni Kuhusu Shule na Malezi



Kila matokeo ya mitihani yanapokuja mabaya, lawama hutua mlangoni kwetu: wazazi wa uswahilini hawajali. Sisi, umoja wa wazazi na walezi wa Mbagala, Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande tunaikataa kauli hiyo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, Temeke peke yake 1,346,674. Wengi tumesogea pembezoni kufuata kodi nafuu, lakini riziki imebaki Kariakoo, Posta na Feri. Mama anayefuata samaki Feri huondoka saa 10 alfajiri na hurudi watoto wamelala. Mtoto huamshwa na bibi, hulishwa na shangazi, na hesabu huelekezwa na mpangaji wa chumba cha pili aliyemaliza kidato cha sita. Hiyo nayo ni familia, tena imara. Shuleni ndiko isikotambulika.

Barua hubandikwa kwenye daftari: "Mzazi afike Jumatano saa 3 asubuhi bila kukosa." Bibi akienda, huambiwa anatakiwa mzazi mwenyewe. Mama naye akilaza biashara siku hiyo, nauli ya kesho haipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mlezi; inashangaza kwamba geti la shule halimtambui.

Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alieleza kwamba shule humtuza mtoto kwa vitu ambavyo yenyewe haikumfundisha: lugha, vitabu na mazoea aliyoyakuta kwao. Huku kwetu jambo hilo huonekana wazi kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyesoma msingi kwa Kiingereza anaendelea. Wetu anaanza upya, na kazi ya nyumbani anaifanya sakafuni kwa taa ya korido mpaka luku iishe. Mwenye hela hulipia twisheni. Asiye nazo huitwa mzembe.

Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, na tunashukuru kwa dhati. Sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki kwetu, nasi tunavibeba. Kinachotuumiza ni michango inayoongezeka kimyakimya: mlinzi, rimu za karatasi, mtihani wa kila wiki. Hatukatai kuchangia. Tunachokataa ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa deni la mzazi wake.

Kwa hiyo tunataka vikao vya wazazi vihamishiwe Jumamosi alasiri au Jumapili, na mlezi aliyeandikishwa apokewe kama mzazi. Mchango wowote uandikwe, usomwe kikaoni na utolewe risiti. Pale ambapo shule haina zamu mbili, darasa moja liachwe wazi hadi saa 12 jioni kwa ajili ya kujisomea, na sisi tutapangiana zamu ya usimamizi.

Na wanaume wa umoja huu waambiwe bila kuonewa haya: vikao vya shule vimejaa kanga na vitenge tu. Baba anayejua ratiba yote ya Ligi Kuu hashindwi kujua jina la mwalimu wa mwanawe.

Tunaomba maofisa elimu kata watupe nafasi ya kukutana nao kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji,
Mbagala, Dar es Salaam.